Nyayo za Programu Iliyoanguka

Kaskazini ya Mkoa wa Singida, katika wilaya ya Mkalama, kipo kijiji cha Munguli ambacho ni makao ya baadhi ya Wahadzabe, watu wanaosifika kwa ustadi wa kusoma nyayo. Mwindaji wa Kihadzabe ampigapo mnyama mkubwa kwa mshale wa sumu hamkimbilii papo hapo. Humwacha aende zake, kwani sumu yahitaji muda wa kufanya kazi mwilini, kisha humfuata kwa utaratibu, akitazama udongo, majani yaliyovunjika na matone ya damu. Mnyama huyo huanguka mbali na mahali alipopigwa. Mpita njia atakayeukuta mzoga chini ya mti ataweza kusema mnyama amefia wapi. Lakini hataweza kusema alipigiwa wapi, isipokuwa akubali kurudi nyuma hatua kwa hatua, akizisoma nyayo hizo kinyume.

Programu ya kompyuta huanguka vivyo hivyo. Mahali inapofia ni nadra kuwa ndipo kosa lilipotendeka. Kwa bahati njema kompyuta, tofauti na mnyama wa porini, huweza kuagizwa iandike yenyewe sehemu ya mwisho ya njia iliyoipitia kabla haijaanguka. Maandishi hayo ni orodha ya majina na namba za mistari, nayo huitwa hapa nyayo za rundo. Watumiaji wengi wa kompyuta wameyaona bila kuyajua: ni yale maneno mengi yasiyoeleweka yanayojaa katika kioo ghafla, ambayo mtu huyafuta upesi kwa aibu kana kwamba amevunja kitu.

Kuyafuta ni hasara. Kwa mtu ajuaye kuyasoma, maneno hayo ndiyo ushahidi pekee uliobaki.

RUNDO LA MAGUNIA

Programu, hata iwe fupi kiasi gani, haiandikwi kama kamba moja ndefu. Hugawanywa katika programu ndogo, kila moja ikiwa na jina lake na kazi yake: moja yasoma faili, nyingine yajumlisha, nyingine yachapa taarifa. Programu ndogo moja inapoiita nyingine, yenyewe husimama ikingoja jibu. Iliyoitwa nayo yaweza kuita ya tatu, na ya tatu ikaita ya nne. Hapo kompyuta inakuwa na deni la kukumbuka: ya nne itakapomaliza, irudi wapi ndani ya ya tatu? Ya tatu itakapomaliza, irudi mstari gani wa ya pili?

Jibu la swali hilo ni jepesi, na kila aliyewahi kufanya kazi katika ghala la alizeti analijua. Baada ya mavuno magunia hupangwa moja juu ya jingine. Gunia la mwisho kupandishwa ndilo la kwanza kushushwa. Hakuna awezaye kulichomoa la chini bila kuliangusha rundo zima. Kompyuta nayo hutenga sehemu ya kumbukumbu yake iwe rundo la namna hiyo. Kila wito mpya huweka juu ya rundo "gunia" moja, ambalo ndani yake mna anwani ya mahali pa kurudi pamoja na tarakimu ambazo programu ndogo hiyo inazifanyia kazi kwa wakati huo. Kazi inapokwisha, gunia hushushwa na kutupwa, na aliye chini yake huendelea na shughuli zake.

Wazo hili lina umri karibu sawa na kompyuta zenyewe. Katika taarifa aliyoiandika mwishoni mwa mwaka 1945 kuhusu mashine iliyokusudiwa kuitwa ACE, mwanahisabati wa Uingereza Alan Turing alieleza namna ya kuhifadhi anwani za kurudia, akitumia maneno yenye maana ya "kuzika" na "kufukua". Mwaka 1957 Wajerumani wawili, Friedrich Bauer na Klaus Samelson, waliomba hataza ya mpango wa rundo. Siku hizi karibu kila kompyuta na kila simu ya mkononi hufanya kazi kwa njia hiyo.

Hitaji la kutafuta makosa nalo lilianza mapema mno. Kompyuta ya EDSAC ya Chuo Kikuu cha Cambridge ilifanya kazi kwa mara ya kwanza tarehe 6 Mei, 1949. Maurice Wilkes, aliyeongoza ujenzi wake, alieleza baadaye jinsi ilivyomjia siku moja kwamba sehemu kubwa ya maisha yake yaliyobaki ingepotea katika kutafuta makosa ndani ya programu zake mwenyewe. Mwanzoni watu walikaa mbele ya mashine wakiiendesha amri moja baada ya nyingine huku wakikodolea macho nukta zilizong'aa katika vioo vyake; huo ulikuwa upotevu mkubwa wa saa za mashine, ambazo zilikuwa adimu. Mwaka 1951 Stanley Gill wa chuo hicho hicho alichapisha makala juu ya kuchunguza makosa katika programu za EDSAC, akionyesha jinsi mashine yenyewe inavyoweza kuchapa karatasini njia inayopita inapotekeleza programu. Mtu aliweza kuondoka na karatasi yake akaisome kwa utulivu, na mashine ikaendelea kuwatumikia wengine. Nyayo za rundo za leo ni mjukuu wa karatasi ile.

MKULIMA NAMBA 117

Na uchukuliwe mfano wa kubuni, lakini wa aina itokeayo kila siku. Chama cha wakulima katika mojawapo ya wilaya za Singida kinanunua mbegu za alizeti. Kijana mmoja aliyemaliza kidato cha sita amekiandikia programu kwa lugha ya Python. Programu hiyo inasoma faili mbili, yaani orodha ya wanachama na daftari la mizani, kisha inachapa kwa kila mkulima idadi ya magunia aliyoleta, jumla ya kilo, na wastani wa uzito wa gunia. Kwa taarifa hiyo mkulima hulipwa.

Siku ya malipo programu inaanguka. Katika kioo yanaonekana maandishi ambayo, yakiachwa mapambo yake, yasomeka hivi:

anza, mstari wa 74
andika_taarifa, mstari wa 52
taarifa_ya_mkulima, mstari wa 38
wastani_wa_gunia, mstari wa 21
Kosa: kugawanya kwa sifuri

Majina ya programu ndogo yamo kwa Kiswahili kwa sababu mwandishi wake aliamua hivyo. Lugha nyingi za kompyuta hazijali, mradi jina lisiwe na nafasi katikati.

Orodha hiyo husomwaje? Lugha ya Python hupanga nyayo kuanzia ya zamani hadi ya karibuni, hivyo mahali pa kifo ni chini kabisa. Lugha ya Java hupanga kinyume, na mahali pa kifo huwa juu. Mwanafunzi asiyelijua jambo hili dogo huweza kupoteza mchana mzima akichunguza mstari usiohusika. Katika mfano huu, basi, programu ilifia katika mstari wa 21, ndani ya wastani_wa_gunia, ambapo jumla ya kilo ilikuwa ikigawanywa kwa idadi ya magunia. Idadi ilikuwa sifuri, na hesabu ya namna hiyo haina jibu. Programu ndogo hiyo iliitwa na taarifa_ya_mkulima, ambayo bado inangoja katika mstari wake wa 38. Nayo iliitwa na andika_taarifa. Nayo na anza.

Hapa pana kishawishi kikubwa. Watu wapo nje wamepanga foleni tangu asubuhi. Mwandishi wa programu anaona mstari wa 21, anaongeza amri moja fupi isemayo kwamba idadi ikiwa sifuri basi wastani uandikwe sifuri, anaendesha tena, na programu inafika mwisho bila kelele. Kila mtu anafurahi, isipokuwa mkulima namba 117. Yeye alileta magunia 14 kwa baiskeli na kwa mkokoteni, na taarifa iliyochapwa vizuri inasema hakuleta kitu.

Kosa halikuwa katika kugawanya. Mstari wa 21 ulikuwa mahali mnyama alipoangukia. Mwandishi angefuata nyayo akapanda hatua moja, hadi mstari wa 38, na kujiuliza ni mkulima gani aliyekuwa akishughulikiwa wakati huo, angegundua kwamba ni namba 117. Angefungua daftari la mizani angekuta magunia yake yote 14 yamo, ila karani wa mizani ameandika namba hiyo kama 0117. Kwa jicho la binadamu 117 na 0117 ni mtu mmoja. Kwa programu iliyozisoma namba hizo kama maandishi, hao ni watu wawili, mmoja mwanachama asiye na magunia, mwingine mwenye magunia asiye mwanachama.

Kuna jambo lingine linalostahili kuangaliwa kwa makini, kwani hata waandishi wenye uzoefu hulisahau. Programu ndogo iliyosoma faili hizo mbili na kuzichanganya vibaya, tuseme jina lake ni soma_daftari, haimo kabisa katika orodha ya nyayo. Ilikwisha maliza kazi yake mapema na gunia lake likashushwa. Rundo haliwaonyeshi wote waliopita. Huwaonyesha tu wale ambao bado wanangoja. Mkosaji aliweza kufanya kosa, akarudisha jibu bovu, akaenda zake nyumbani, na mwingine akakutwa na mzoga mikononi. Ndiyo maana msomaji wa nyayo hana budi kuuliza maswali mawili tofauti. La kwanza ni "nani alimwita nani?", na rundo hulijibu hilo bila kusita. La pili ni "tarakimu hii mbovu ilitoka wapi?", na hili hujibiwa kwa kutazama kila hatua ilipokea nini na kutoka kwa nani, mpaka ifikiwe hatua ambayo ilipokea kitu kizima ikatoa kilichoharibika.

Tanzania inao ukumbusho wake wa gharama za tarakimu mbovu. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa Hazina mwaka 1965. Mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ulipigwa marufuku, na kati ya mambo yaliyoutangulia uamuzi huo ni matatizo yaliyozikumba hesabu za Serikali zilizokuwa zimehamishiwa katika mashine. Marufuku hiyo ilikuja kulegezwa katika miaka iliyofuata. Wasomi wameijadili kwa mitazamo mingi. Kwa mtazamo wa somo hili yatosha kusema kwamba mashine inayoanguka ikipewa tarakimu isiyoingia akilini ina heshima kuliko ile inayoendelea kuchapa.

MAANDISHI MENGI YASIYOHUSIKA

Nyayo za mfano ule zilikuwa mistari minne tu. Katika mifumo mikubwa huweza kuzidi mia moja. DHIS2, mfumo ulioanzishwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway na ambao hutumika Tanzania kukusanya takwimu za MTUHA kutoka zahanati, vituo vya afya na hospitali, umeandikwa kwa lugha ya Java. Mfumo wa namna hiyo hausimami peke yake. Umejengwa juu ya programu nyingine nyingi zilizoandikwa na watu wengine duniani: ya kupokea maombi kutoka mtandaoni, ya kuzungumza na hifadhi ya takwimu, ya kulinda siri. Kosa moja likitokea, nyayo hupita katika zote.

Msomaji asitishike. Mistari mingi katika orodha hiyo ni njia kuu ambayo kila mtu huipitia, na haina habari. Anachotafuta kwanza ni mstari wenye jina la programu yake mwenyewe au ya mfumo anaoushughulikia. Tena katika Java orodha moja huweza kufuatiwa na nyingine inayotanguliwa na maneno ya Kiingereza yenye maana ya "imesababishwa na", na hiyo ikafuatiwa na ya tatu. Kila ngazi ya programu, ilipopokea habari ya msiba kutoka chini, iliifunga katika bahasha yake na kuipeleka juu. Bahasha ya ndani kabisa, ile ya mwisho katika maandishi, ndiyo yenye barua. Wengi husoma mstari wa juu tu, ambao husema jambo la jumla kama vile "ombi limeshindikana", kisha hulalamika kwamba kompyuta haikueleza tatizo. Ilieleza, mistari themanini chini.

Lipo pia kosa ambalo hujulikana kwa kutazama umbo la orodha tu, bila hata kusoma majina. Programu ndogo ikijiita yenyewe pasipo kikomo, rundo hujaa mpaka nafasi inakwisha. Orodha yake huwa ni mstari ule ule unaorudiwa mamia ya mara, kama mtu aliyezunguka mti usiku kucha akidhani anasafiri.

PROGRAMU ILIYOGANDA

Programu iliyoanguka angalau imesema imekufa. Iliyoganda ni taabu zaidi. Kioo kimesimama, hakuna ujumbe, hakuna kosa. Katika ofisi nyingi sentensi moja hutosha kwa tukio hilo: "mfumo umekwama, njooni kesho." Mgonjwa aliyetoka kijijini kwa nauli ya kukopa hugeuka kurudi, na fundi huzima mashine na kuiwasha. Mashine inawaka, inafanya kazi, na baada ya siku tatu inaganda tena. Kuzima na kuwasha kulifuta rundo zima. Kile ambacho kingeweza kusomwa hakipo tena.

Ni vema ieleweke kwamba programu iliyoganda haijafa, na rundo lake bado limesimama likingoja kusomwa. Katika mashine za Linux programu ya Java huweza kuamriwa iandike nyayo zake bila kuacha kazi, kwa amri iitwayo jstack. Lugha ya Python tangu toleo la 3.3, lililotoka mwaka 2012, ina chombo kinachoitwa faulthandler kwa shughuli hiyo. Programu za lugha ya C huchunguzwa kwa chombo cha gdb, na humo herufi mbili tu, bt, hutosha kuleta orodha nzima.

Nyayo za programu iliyoganda hazichukuliwi mara moja. Huchukuliwa mara tatu au nne, kukiwa na nafasi ya sekunde tano au kumi katikati, kisha orodha hizo hulinganishwa. Mantiki yake ni ile ya mtu anayemtazama mwenzake kwa mbali akashindwa kujua kama amelala au anafanya kazi ameinama: atazame tena baada ya kitambo. Orodha zikiwa tofauti kabisa, programu haikuganda, bali ina kazi nyingi, na yafaa ivumiliwe. Zikifanana upande wa mwanzo lakini zikabadilika-badilika upande wa mwisho, huku kichakato kikichemka, basi programu inazunguka katika duara lisilo na mlango, na duara hilo limo katika programu ndogo ya mwisho ambayo haikubadilika. Zikiwa sawa neno kwa neno, na kichakato kimetulia, programu inangoja kitu. Swali ni kitu gani.

Mara nyingine ni mtandao tu: imeuliza swali Dar es Salaam na jibu halijarudi. Lakini upo mkwamo wa ajabu zaidi ambao hutokea pale programu moja inapofanya kazi kwa nyuzi kadhaa sambamba, kila uzi ukiwa na rundo lake. Na wafikiriwe makarani wawili wa stoo ya dawa. Ili dawa itoke lazima mtu awe na daftari na ufunguo kwa pamoja. Karani wa kwanza amechukua daftari, sasa anangoja ufunguo. Wa pili amechukua ufunguo, sasa anangoja daftari. Wote wawili ni waaminifu, hakuna aliyekosea agizo lolote, na wote watakaa hapo mpaka jua lizame. Katika kompyuta vitu hivyo huitwa makufuli, na nyayo huonyesha mkwamo huo waziwazi: uzi wa kwanza unashikilia kufuli A na kungoja B, uzi wa pili unashikilia B na kungoja A. Java hata hutambua yenyewe hali hiyo na kuitangaza mwishoni mwa orodha. Dawa yake ni kanuni ya mstari mmoja, kwamba kila karani achukue daftari kwanza, ufunguo baadaye, pasipo ruhusa ya kugeuza.

Kisa kinachofundisha mengi juu ya mambo haya kilitokea mbali sana na Singida. Chombo cha Marekani kiitwacho Mars Pathfinder kilitua katika sayari ya Mars tarehe 4 Julai, 1997. Siku chache baadaye kompyuta yake ilianza kujizima na kujiwasha, na kila ilipofanya hivyo kazi ya siku iliyobaki ilicheleweshwa. Hakuna fundi aliyeweza kwenda kuigusa; ujumbe wa redio peke yake ulichukua zaidi ya dakika 10 kufika. Lakini wahandisi walikuwa na chombo pacha hapa duniani, chenye programu ile ile, na ndani yake mlikuwa na sehemu ya kuandika kumbukumbu za matukio: uzi gani umeanza, upi umesimama, nani ameshika kufuli. Waliendesha pacha huyo mpaka naye akajizima, kisha wakasoma maandishi.

Waliyoyakuta ni haya. Uzi mdogo wa kupima hali ya hewa ulikuwa umeshika kufuli. Uzi mkubwa, wa kusimamia njia kuu ya habari, ulilihitaji kufuli hilo na ukangoja. Ingekuwa kusubiri kwa nukta tu, ila nyuzi za cheo cha kati, zisizohusika na kufuli, zilijitokeza na kumpiku yule mdogo kila alipotaka kumaliza. Mkubwa akabaki akimngoja mdogo, na mdogo akiwangoja wa kati. Mlinzi wa saa aliyekuwa ndani ya kompyuta alipoona mkubwa hakumaliza kazi kwa wakati aliona ni hatari, akazima kila kitu. Marekebisho yalikuwa kuwasha kanuni iliyokuwamo tayari katika programu ya msingi, inayompa mwenye kufuli cheo cha muda cha yule anayemngoja. Yalipelekwa kwa redio, na ugonjwa ukakoma.

KABLA YA KUZIMA

Kutoka Singida hadi Dar es Salaam ni kiasi cha kilomita 700 kwa barabara. Mtaalamu aliyeiandika programu mara nyingi yuko huko, au yuko mbali zaidi. Ujumbe usemao "mfumo umegoma tena" haumsaidii kitu. Atajibu "zima, washa", kwa kuwa hana jingine la kusema. Picha ya kioo iliyopigwa kwa simu, yenye nyayo kamili, humwezesha kujibu kwa kutaja mstari.

Picha hiyo iwe na mwanzo na mwisho wa orodha, hata kama zitahitajika picha mbili au tatu. Saa ya tukio iandikwe, na pia jambo lililokuwa likifanywa: ni taarifa ya mwezi gani iliyokuwa ikiingizwa, ni kitufe gani kilichobonyezwa mwisho. Tahadhari moja ni ya lazima. Nyayo zenyewe kwa kawaida ni majina ya programu ndogo tu, ila ujumbe wa kosa unaofuatana nazo huweza kubeba jina au namba ya mgonjwa. Na lile faili kubwa linalohifadhi kumbukumbu yote ya programu wakati wa kuanguka hubeba kila kilichokuwamo. Faili hilo lisitumwe ovyo katika makundi ya simu.

Nyayo nazo zina mipaka. Programu ya lugha ya C iliyoandika nje ya eneo lake huweza kuliharibu rundo lenyewe, na orodha itakayopatikana ikawa upuuzi mtupu. Vifaa vya kuharakisha programu navyo huunganisha programu ndogo mbili kuwa moja, na jina la mojawapo likatoweka katika orodha. Katika hali hizo mtafutaji hurudia kazi akiwa amezima vifaa hivyo, au huanza kupanda alama zake mwenyewe njiani.

JARIBIO KWA WANAFUNZI

Darasa lenye kompyuta moja inayotosha kuendesha Python laweza kufanya zoezi hili katika vipindi viwili. Kwanza iandikwe programu ndogo inayojiita yenyewe bila kikomo, na wanafunzi wakadirie kabla ya kuiendesha itaita mara ngapi. Kwa kawaida Python huweka kikomo cha miito 1,000. Matoleo yake mapya hayachapi mistari yote, bali huchapa michache na kusema iliyobaki imerudiwa mara ngapi.

Kisha darasa ligawanyike makundi mawili. Kila kundi liandike programu ya mistari kama 60, ya alama za mtihani au ya bei za kuku sokoni, na kulificha humo kosa moja, kwa sharti kwamba programu isianguke ndani ya programu ndogo yenye kosa. Makundi yabadilishane nyayo tu kwa dakika 20, pasipo kuonyeshana programu yenyewe, na kila kundi liandike karatasini dhana yake juu ya mahali kosa lilipo. Baada ya hapo programu zifunuliwe, na ihesabiwe ni hatua ngapi zilizokuwapo kati ya mstari ulioanguka na mstari uliokosea.